Mdogo wangu alikamatwa akirekodi mwaloni: tuanzie wapi?

"Shikamoo wakili. Mdogo wangu ana miaka 26, ana chaneli ya habari za mtaani mtandaoni hapa Mwanza. Alhamisi, wiki mbili zilizopita, alikuwa mwaloni huku Ilemela akirekodi wafanyabiashara wa dagaa waliobeba mabango kupinga kubomolewa kwa vichanja vyao. Alikamatwa saa kumi jioni pamoja na wauzaji wawili. Simu ikachukuliwa, akaambiwa ataje namba ya siri, akaitaja. Maelezo yaliandikwa kesho yake saa nne asubuhi. Jumamosi akatoka kwa dhamana ya polisi, sasa anaripoti kila Jumatatu. Mwanzo waliita uchochezi, sasa wanasema taarifa za uongo mtandaoni, na kwamba bila kitambulisho yeye si mwandishi. Baba anataka akiri yaishe, alipe faini kidogo. Mjomba anasema amekaa zaidi ya saa 24, kwa hiyo kesi imekufa, twende mahakama ya Arusha. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Baba na mjomba wote wanampenda kijana, na wote wanaweza kumwingiza pabaya. Baba anauza haraka kitu ambacho hakijajulikana bei. Mjomba ameshika haki ya kweli, ila anaipeleka mlango usio wake. Kabla ya hoja ya uhuru wa habari, tazameni karatasi za siku zile tatu za kituoni: saa zilizoandikwa, stakabadhi ya simu, maelezo ya onyo (yale polisi waliyomwandika baada ya kumwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake) na kifungu kitakachoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Kesi nyingi za waandishi na waandamanaji huokoka au huzama kwenye karatasi hizo, na hoja ya Katiba huja baadaye ikisimama juu yake.

Jambo moja dogo kwanza. Namba za vifungu nitakazotaja ni zile zilizozoeleka. Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha baadhi yake, kwa hiyo wakili wenu alinganishe kabla ya kuandika chochote.

Tuanze na saa 24. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka mkuu wa kituo, anapoona haiwezekani kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kwake kuwa zito. Soma hapo pa mwisho mara mbili. Polisi watasema waliliona zito. Na hata ikithibitika kwamba hawakuwa na sababu, kilichovunjwa ni haki yake ya kutozuiliwa. Anaweza kudai kwa hilo, lakini kesi yenyewe haifi. Dawa ya kuzuiliwa kupita kiasi ni maombi Mahakama Kuu, chini ya kifungu cha 390, ili mtu aletwe mbele ya jaji na polisi waeleze wamemshikilia kwa sheria ipi. Maombi hayo yana nguvu mtu akiwa bado ndani. Ndugu yako alikwishatoka Jumamosi, kwa hiyo mlango huo umejifunga wenyewe, ingawa ni vizuri muufahamu endapo atakamatwa tena.

Saa zilizo na thamani kubwa zaidi kwenu ni nne. Kifungu cha 50 kinampa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa, zikihesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Kifungu cha 51 kinaruhusu kuongeza, hadi saa nane, kwa uamuzi wa mkuu wa kituo au kwa kumwomba hakimu. Muda wa safari kutoka mwaloni hadi kituoni hauhesabiwi, wala muda wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeitwa. Sasa piga hesabu: alikamatwa saa kumi jioni, maelezo yakaanza saa nne asubuhi. Hizo ni saa 18. Toa safari, toa kila kinachotolewa kihalali, bado mtu atatakiwa kueleza usiku mzima ulikwenda wapi. Mahakama ya Rufani imewahi kuondoa maelezo ya onyo kwenye ushahidi kwa sababu hiyo hiyo, ingawa haifanyi hivyo kila mara: kifungu cha 169 kinamwachia hakimu kupima, na upande wa mashtaka unaweza kusema uchunguzi ulikuwa mgumu.

Pingamizi hilo lina wakati wake. Linatolewa pale shahidi wa polisi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo, kabla hakimu hajayapokea. Mshtakiwa akinyamaza hapo, maelezo yakasomwa kwa sauti, kuja kulalamika kwenye rufaa ni kazi bure. Vijana wengi wasio na wakili hupotezea hapo hapo: hakimu anauliza "una pingamizi?", kijana anadhani anaulizwa kama ana la kusema kuhusu kesi nzima, anajibu "sina".

Kwa hiyo leo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na habari za watu, mkalishe mdogo wako na daftari. Aandike kwa mwandiko wake: alikamatwa saa ngapi na nani alikuwepo, walifika kituoni saa ngapi, nani alimhoji, alielezwa kosa au hakuelezwa, aliambiwa ana haki ya kunyamaza na ya kumpigia ndugu au wakili au hakuambiwa, maelezo yalianza na kuisha saa ngapi, alisomewa kabla ya kusaini au alisaini tu. Kama alipigwa au kutishwa, aandike kwa maneno yaliyotumika. Tarehe juu, sahihi chini. Nakala moja abaki nayo, nyingine apewe wakili. Isisambazwe kwenye kundi la familia la WhatsApp, maana chochote kinachozunguka huko kinaweza kurudi mahakamani kama kielelezo.

Simu sasa. Watu wengi wanaamini polisi hawawezi kuchukua simu bila amri ya mahakama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 31, inamruhusu mkuu wa kituo mwenyewe kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa akiwa na sababu za msingi. Ni mamlaka mapana, na binafsi naona ni mapana mno, lakini ndiyo sheria iliyopo. Swali la kuuliza ni kama amri hiyo ilitolewa, na nani, na kama mdogo wako alipewa stakabadhi inayotaja kilichochukuliwa, yenye sahihi yake na ya shahidi. Stakabadhi nzuri inataja aina ya simu, namba yake ya utambulisho ya tarakimu 15, laini zilizokuwemo na kadi ya kumbukumbu. Kama hakupewa, aombe kwa barua, na barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila karatasi hiyo upande wa mashtaka utapata shida kuonyesha simu ilipita mikononi mwa nani kuanzia mwaloni hadi maabara, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime kama taarifa ya kielektroniki ilitunzwa kwa namna ya kuaminika.

Kutoa namba ya siri hakukumharibia moja kwa moja. Kuigomea amri halali iliyotolewa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ni kosa linalojitegemea: kifungu cha 22 kinaweka faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Maxence Melo wa JamiiForums alitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Aprili 2020 katika kesi iliyohusu polisi kutaka taarifa za watumiaji wa mtandao wake, akatakiwa kulipa milioni 3 au kukaa jela mwaka mmoja. Kifungu hicho hicho kinawanasa pia wanaofuta ushahidi. Kwa hiyo mwambie mdogo wako, na ninyi wengine wenye nenosiri la chaneli yake: msifute video, msibadilishe kichwa cha habari, msifunge akaunti. Pakueni nakala ya video kama ilivyopandishwa, pamoja na tarehe, saa na maelezo yaliyoandikwa chini yake, mkaihifadhi sehemu mbili. Kama video asilia imebaki kwenye kamera au kompyuta, isiguswe. Faili asilia lina ushahidi wa saa na mahali ambao nakala iliyopita WhatsApp haina.

Tuje kwenye kosa lenyewe. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamlenga anayechapisha taarifa ya uongo au ya kupotosha mtandaoni akijua kuwa ni hivyo, na akiwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana, kuudanganya umma au kuficha kosa. Upande wa mashtaka una mizigo mitatu: kwamba taarifa ni ya uongo, kwamba alijua, na kwamba alikuwa na nia mojawapo kati ya hizo. Video ya watu wamesimama mbele ya vichanja vilivyovunjwa haiwi ya uongo kwa sababu imemuudhi mtu. Hatari iko kwenye maneno. Kama chini ya video aliandika kwamba mtu amefariki na hakuna aliyefariki, au alimtaja ofisa kwa jina kuwa amekula fedha bila kuwa na uthibitisho, hapo ndipo wakili atatakiwa kufanya kazi. Hati ya mashtaka ikija, tazameni kama inataja maneno yanayodaiwa kuwa ya uongo. Ikisema tu "alichapisha taarifa za uongo kuhusu zoezi la ubomoaji", wakili apinge kabla mshtakiwa hajajibu, kwa sababu mtu hawezi kujitetea dhidi ya maneno asiyoonyeshwa.

Mtasikia pia kwamba kashfa siku hizi si jinai. Ni kweli nusu. Marekebisho ya Juni 2023 yaliondoa kashfa ya jinai kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Kifungu cha 16 cha Makosa ya Mtandao hakikuguswa na marekebisho hayo, na nia ya kukashifu bado imo ndani yake. Jaribio la kuipinga sheria hiyo Mahakama Kuu, katika kesi ya wakili Jebra Kambole, halikukiondoa.

Na hapa ndipo hesabu ya baba inapovunjika. Adhabu ya kifungu cha 16 inaanzia faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Hakimu akitia hatiani hana ruhusa ya kushuka hadi laki mbili kwa sababu kijana amelia. Zaidi ya hapo, aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia. Kifungu cha 360 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamwachia kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kukiri kwa makubaliano, utaratibu ulioingizwa 2019, ni kitu kingine: kunaandikwa kati ya mshtakiwa na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, kosa linaweza kupunguzwa, na mahakama lazima imuulize mshtakiwa kama ameridhia kwa hiari. Utaratibu huo una mahali pake, lakini hauanzii kwa mpelelezi anayesema "mwambie akiri tutamsaidia". Mpelelezi hana mamlaka hayo. Na huwezi kupatana juu ya kesi ambayo hata haijafunguliwa.

Hilo linanileta kwenye kuripoti Jumatatu. Inachosha, na familia nyingi huiona kama adhabu bila hukumu. Sehemu ya sababu ni marekebisho ya 2022, kifungu cha 131A cha sheria hiyo ya mwenendo, yanayotaka upelelezi ukamilike kwanza kabla ya kesi kufunguliwa mahakamani, isipokuwa kwa makosa makubwa. Lengo lilikuwa kupunguza mahabusu wanaosubiri "upelelezi haujakamilika". Matokeo yake ni kwamba kusubiri kumehamia kaunta ya kituo. Aendelee kwenda, kila mara na mtu mmoja, na aandike kwenye daftari saa aliyofika, aliyempokea na aliyoambiwa. Akikosa Jumatatu moja bila taarifa ya maandishi, anawapa sababu ya kumkamata na kumsumbua mdhamini wake. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayetaka "hela ya fomu" anataka yake. Na akiwa huko asiandike maelezo ya nyongeza bila wakili, hata akiambiwa ni "kurekebisha kidogo tu". Miezi ikipita bila jambo jipya, wakili aandike barua kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, nakala kwa Wakili wa Serikali anayesimamia mashtaka mkoani, akiomba uamuzi na kurudishiwa simu.

Kifungu kuhama kutoka uchochezi kwenda taarifa za uongo kusiwashtue, lakini kufuatilieni kwa karibu, maana kifungu ndicho kinachoamua dhamana. Mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa Julai 2019 aliulizwa kwanza kuhusu uraia. Hati ya mashtaka ilipofika Kisutu ilisema kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi na utakatishaji fedha, na utakatishaji hauna dhamana. Alitoka Februari 2020 kwa makubaliano ya kukiri. Tito Magoti wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu alikaa mahabusu kuanzia Desemba 2019 hadi Januari 2021 kwa njia kama hiyo. Mahakama ya Rufani ilifuta mwaka 2018 mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu, katika kesi ya Jeremia Mtobesya, lakini mwaka 2020, katika kesi ya Dickson Sanga, ilikiacha hai kifungu kinachoorodhesha makosa yasiyo na dhamana. Kwa hiyo mdogo wako akilipwa na chombo chochote cha nje, au chaneli inaingiza fedha, apange sasa mikataba, miamala ya simu na namba ya mlipakodi. Mwandishi anayeweza kueleza kila shilingi anakuwa mgumu kubandikiwa kesi ya fedha.

Kosa la mtandao la kawaida lina dhamana mahakamani. Muwe na wadhamini wawili tayari, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA, nakala zake, na barua ya mtendaji yenye picha na mhuri. Barua iwe ya karibuni. Mtu akifikishwa mahakamani Ijumaa alasiri na barua hazijahakikiwa, atalala gereza la Butimba hadi Jumatatu, na si kwa sababu hakimu alimnyima dhamana.

Kuhusu kitambulisho, msichanganye mambo mawili. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na kutafuta habari, na kifungu cha 16 cha Makosa ya Mtandao hakiulizi kama wewe ni mwandishi. Lakini Sheria ya Huduma za Habari inataka ithibati kwa anayefanya kazi ya uandishi, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zinataka chaneli ya habari iwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Kama hana vyote viwili, hilo linaweza kuongezwa kama kosa jingine, na ni bora wakili alijue leo kuliko alisikie mahakamani. Asianze kujitetea kituoni kwa kusema yeye ni mwandishi kamili. Anyamaze.

Vivyo hivyo kwa "mkusanyiko usio na kibali". Kwa sheria iliyopo kinachotakiwa ni taarifa kwa polisi saa 48 kabla, chini ya kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi. Sharti la kibali lilianguka mwaka 1994, Jaji Lugakingira alipotoa hukumu katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Polisi bado wana mamlaka ya kuzuia mkutano, kwa hiyo msidhani kutoa taarifa kunamaliza yote. Ila kosa la mkusanyiko haramu linahitaji watu watatu au zaidi wenye nia ya pamoja, ya kutenda kosa au ya kufanya jambo linalowatia majirani hofu ya kuvunjika amani. Aliyesimama pembeni na kamera hakuwa na nia ya pamoja na wenye mabango, na video yake mwenyewe, ikionyesha aliposimama, huenda ndiyo shahidi wake bora.

Sasa Arusha, maana mjomba hatatulia. Kuna mahakama mbili kule. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa mwaka 2014 uamuzi mzuri katika kesi ya Konaté dhidi ya Burkina Faso, kwamba kumfunga mwandishi kwa kashfa kunakiuka Mkataba wa Afrika. Lakini Tanzania iliondoa Novemba 2019 tamko lake lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na tangu Novemba 2020 raia wetu hawezi kufungua shauri jipya huko moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki iko wazi na haitaki umalize kwanza mahakama za nyumbani, ila ina miezi miwili tu tangu tukio, na mmeshatumia wiki mbili. Ndiyo iliyosema, Machi 2019, katika shauri la Baraza la Habari na wenzake, kwamba vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Serikali ilichukua miaka minne kugusa sehemu yake. Mahakama hiyo haimfutii mtu mashtaka yanayomkabili Mwanza. Inafaa kama kesi ya kimkakati, ikibebwa na taasisi yenye mawakili na subira, wakati kesi ya kijana ikipiganiwa hapa hapa. Muulizeni wakili mapema kuhusu muda huo, ili mkiuacha muuache kwa kukusudia.

Na shauri likifunguliwa kisha likaondolewa, ulizeni limeondolewa vipi. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa kesi chini ya kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, au ikiondolewa chini ya 98 kabla ya utetezi, mtu anaweza kushtakiwa upya. Msifanye sherehe mlangoni mwa mahakama kabla hamjasoma amri ya hakimu.

Barua hii haitoshi kuwa wakili. Tafuteni wa ana kwa ana wiki hii: Mwanza Press Club wanajua mawakili waliowahi kusimama na waandishi, Chama cha Mawakili Tanganyika kina tawi hapa, na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hupokea dharura za aina hii. Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa huduma waliosajiliwa. Mwombeni awaonyeshe cheti chake. Msingoje hata kesho endapo ataitwa nje ya mkoa, akiulizwa uraia, likitajwa neno utakatishaji, au akichukuliwa na msijue yuko kituo gani. Akiumizwa, chukueni fomu ya PF3 na muende Sekou Toure au Bugando siku hiyo hiyo, daktari aandike alichokiona.

Wale wauzaji wawili wa dagaa nao watafutiwe wakili, na awe tofauti na wa mdogo wako. Utetezi wake ni kwamba alikuwa akirekodi tu, hakuwa mmoja wao. Utetezi wao unaweza kuhitaji kusema jambo jingine kabisa, na wakili mmoja hawezi kuyasema yote mawili mbele ya hakimu yule yule.